Ngazi na Upepo wa Jua

Kambi ya Keekee,
2 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na sindano zako za sumaku. Dereva wa gari la vifaa ameniapia kwamba safari hii hataikalia bahasha kama alivyoikalia ile ya mwezi jana. Simu huku hakuna, na redio ya kazi hairuhusiwi kwa umbea, kwa hiyo itabidi tuendelee na wino.

Nimehamishiwa upande wa pili wa kilima, jirani na mgodi anakofanya kazi mdogo wetu Kitinda. Namwona karibu kila siku akitoka zamu, uso umemjaa vumbi, meno tu ndiyo yanayoonekana. Jioni huja kwenye chumba changu kunimalizia sukari. Anagonga mlango kwa mtindo wake uleule wa utotoni, mara tatu, kimya, mara moja, kana kwamba kuna mtu mwingine duniani anayegonga hivyo hata nikamkosea. Unajua sikupenda aingie chini ya ardhi. Lakini ni mimi niliyemtafutia kazi, na Mama alifurahi kwamba wanawe wawili wataonana. Basi tunaonana.

Mimi bado fuko yuleyule. Naongoza keekee, mtambo wa kutoboa miamba, ndani nisikoweza kuona. Macho yangu ni dira ndogo iliyo nyuma ya meno yake, na dira hiyo haijui kitu mpaka wewe uniambie kwenye redio kaskazini ya sumaku imehama kiasi gani siku hiyo. Naandika namba yako kwenye daftari, naongeza au napunguza, nageuza keekee. Wenzangu huuliza, huyo mama mwenye sauti ya hakimu ni nani? Huwaambia ni dada yangu, alizaliwa akiwa na miaka hamsini.

Bado nacheka nikikumbuka nilivyokutembelea. Mkanda nje, viatu nje, funguo nje, nikaingia kwenye kibanda chako nimeshika suruali kwa mikono miwili. Na bado sindano ikaruka, kwa sababu ya kisu kidogo nilichosahau mfukoni! Ukaandika kwenye daftari mbele yangu: "Saa nne na dakika kumi, mdogo wangu, kisu." Hata hakimu huuliza kwanza.

Hivi hiyo sindano hutikiswa na nini hasa, ukiacha visu vya watu? Mhandisi wetu anasema ni jua. Nikamwambia mimi jua nalijua, linachoma mgongo tu. Nieleze kama unavyomweleza mtoto, ambayo ndiyo kawaida yako.

Mdogo wako,
Fuko

*

Kituo cha Sumaku,
6 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika na duara la kikombe cha chai juu yake, kwa hiyo dereva ametimiza ahadi. Hakuikalia, aliifanya meza.

Umeuliza, sasa usipige miayo. Jua halitoi mwanga na joto peke yake. Saa zote linapuliza upepo, nao si upepo wa hewa, ni vipande vidogo mno vyenye umeme, vinavyosafiri siku kadhaa mpaka kutufikia. Hatuuhisi kwa sababu dunia yenyewe ni sumaku, na nguvu ya sumaku hiyo imetuzunguka kama ganda. Upepo ukifika hugawanyika ukapita kandokando. Siku za kawaida ganda linanesa kidogo tu, na sindano yangu husogea asubuhi na kurudi mchana, kama mtu mwenye adabu zake.

Lakini kuna siku jua hutema bonge zima la upepo huo. Likitugonga, ganda hubonyea kwa ghafla na sindano zote duniani huruka dakika ileile. Mstari ambao sindano huuchora kwenye karatasi yangu unapanda mara moja, unakaa kulekule juu saa kadhaa, halafu unaanza kuyumba kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo. Siku nzima, pengine mbili. Hapo ndipo watu kama nyinyi mnapotuhitaji, maana dira yako nayo inalewa pamoja na sindano yangu.

Taabu ni kwamba mtu akiegemeza kitu cha chuma kwenye ukuta wa kibanda, mstari pia unaruka na kukaa kulekule juu. Ndiyo maana nina daftari la chuma. Kila chuma kinachosogea hapa kinaandikwa saa yake na mwenyewe, kisha nakipunguza kwenye hesabu, nibaki na sumaku ya dunia tu. Kwa hiyo kisu chako kimehifadhiwa, hata wajukuu wako watakisoma.

Anayenimaliza ni Fundi wa paa. Vigae vya kibanda vinavuja, na mara nne amekuja na ngazi yake ya chuma, ndefu, anaiegemeza ukutani pwaa! Mara nne nimemwambia alete ya mbao. Nimemwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akanijibu kwamba guu hilohilo limepanda mapaa miaka ishirini. Amebakiza upande mmoja, juu kabisa ya karatasi zangu.

Mwenzangu wa darubini, anayechora madoa ya jua, anasema kuna doa kubwa linazunguka kuja upande wetu. Litatukabili katikati ya mwezi. Kwa hiyo msikilize hakimu wako vizuri. Na mwambie Kitinda sukari inanunuliwa dukani.

Dada yako

*

Kambi ya Keekee,
14 Machi

Dada,

Shikamoo. Jana kwenye redio sikuweza kukwambia, msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu. Njia kuu ya mgodi imeporomoka jana asubuhi zamu ikiwa ndani. Watu saba wamekimbilia chumba cha kujihifadhi. Kitinda ni mmoja wao.

Yu hai. Nimeweka sikio kwenye bomba la maji linaloshuka kule. Limebonyea, halipitishi hewa wala maji, sauti tu. Nikasikia mara tatu, kimya, mara moja. Nimejibu kwa nyundo mpaka wamenivuta.

Hewa waliyo nayo inawatosha siku nne wakilala bila kusogea. Kufukua njia ni wiki nzima. Kwa hiyo kazi ni yangu. Siwezi kutoboa kutoka juu, maana juu yao kuna bwawa la tope la mgodi na nitawazamisha. Naingia kwa ubavu wa kilima, mita mia tatu, tundu la upana wa sahani, wapate hewa, maji na chakula mpaka wafukuliwe. Chumba chao kina upana wa mita tatu. Digrii moja nikikosea, nawapita kwa mita tano.

Naanza kesho saa sita mchana. Nahitaji namba yako kila saa, si mara moja kwa siku. Usimwambie Mama bado.

Fuko

*

Kituo cha Sumaku,
15 Machi, asubuhi

Mdogo wangu,

Dereva ananingojea. Ameacha gari mbali, nimeshamfundisha.

Sitatoka kibandani mpaka utakapomfikia. Nimelala humu na nitakula humu. Kila saa utaisikia sauti yangu, na kila namba nitaikagua mara mbili. Mstari umetulia tangu juzi kama maji ya mtungini.

Fundi wa paa amekuja alfajiri. Nilimwambia leo aondoke, kuna watu wamefukiwa. Akasema wingu lile haliulizi, na karatasi ikilowa utabaki bila namba. Nimeona ana haki, atapanda mchana.

Twende. Mkono wako na jicho langu. Mama alitufundisha kumbeba Kitinda mimi miguuni wewe kichwani, na hatukuwahi kumwangusha.

Dada yako

*

Kambi ya Keekee,
24 Machi

Dada,

Shikamoo. Pale makaburini, tulipomzika Kitinda, uliondoka kabla udongo haujakauka. Nilielewa, ulisema sindano haziwezi kuachwa. Lakini kuna jambo sikumwambia mtu pale, na lazima nimwambie mtu.

Walitusikia, Dada. Tarehe kumi na sita jioni, tulipofika mita mia mbili na themanini, nilisimamisha mtambo nikaweka sikio kwenye mabomba. Wakagonga. Wote walikuwa wanagonga, kwa mawe, kwa helmeti, fujo tupu, furaha. Walidhani tumefika. Na sisi tulidhani tumefika, vijana wakakumbatiana. Tukasukuma mita kumi nyingine, kumi tena, mwamba mtupu. Kugonga kukaanza kufifia. Nikajua nimewapita, lakini sikujua kwa upande gani. Kulia au kushoto? Sauti ndani ya chuma haina upande.

Wakaleta chombo kisichotegemea sumaku, kimetoka safari ya siku nzima. Kikaonyesha tundu langu limekwenda digrii moja na kidogo kulia. Tukaanza tundu la pili. Kugonga kulipungua. Tarehe kumi na saba mchana kulibaki kwa mtu mmoja tu. Mara tatu, kimya, mara moja. Mara tatu, kimya. Nilingoja ile moja nikiwa nimelala kifudifudi juu ya bomba. Naingoja hadi sasa.

Tundu la pili lilifika tarehe kumi na tisa, likaingia katikati ya ukuta kama uzi kwenye tundu la sindano. Kila mtu alinisifu kwa tundu lile.

Mama ananiuliza ilikuwaje. Namwambia ni kazi ya Mungu. Mungu hakushika usukani wa keekee, nilishika mimi.

Fuko

*

Kituo cha Sumaku,
28 Machi

(Haikutumwa)

Mdogo wangu,

Ngazi ilikuwa ya mbao.

Saa sita kasoro robo, siku ile, nilisikia pwaa ukutani, na mstari ukaruka palepale mbele ya macho yangu. Nikapiga kelele, "Toa chuma chako!" Akajibu kitu huko juu, sikukisikia, redio ilikuwa inaita, na redio yenyewe ilikuwa inakoroma. Niliandika kwenye daftari: "Saa sita kasoro robo, Fundi, ngazi." Nikapunguza. Nikakupa namba iliyotulia. Mara nne alikuwa ameniharibia karatasi kwa ngazi ile, mara nne mstari uliruka hivyohivyo. Ya tano sikutoka kuangalia. Kwa nini nitoke? Nilimjua Fundi.

Alikuwa amekwenda kuazima ngazi ya mbao kwa seremala. Na misumari ya shaba. Alinisikiliza siku hiyo, siku hiyo moja.

Ule ulikuwa upepo wa jua, mdogo wangu. Nilikuwa nimekueleza mwenyewe wiki moja nyuma jinsi unavyoanza.

*

Kituo cha Sumaku,
28 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nimeshindwa kula.

Usijitwishe. Mwamba una tabia zake, keekee hupinda ikikutana na jiwe gumu, uliniambia mwenyewe zamani. Pumzika. Kaa na Mama siku chache. Mimi siwezi kuja sasa, kazi ni nyingi.

Dada yako

*

Nyumbani kwa Mama,
6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimesimamishwa kazi. Tume ya uchunguzi imekuja, watu watatu wenye mafaili, wapole kuliko daktari anayejua hutapona. Wanataka kujua digrii ile moja ilitoka wapi.

Nimepiga hesabu upya mara kumi na nne. Mama anadhani nimerudi shule. Kila mara napata jibu lilelile, kwamba kwa namba ulizonipa, keekee ilielekea sawasawa kwenye kitanda cha Kitinda. Mwamba haukuipinda. Tumeuchunguza mwamba, ni laini njia nzima.

Sasa nakuuliza, na usinikasirikie. Redio yetu siku ile ilianza kukoroma karibu na saa sita, ikawa hivyo hadi kesho yake. Na namba zako saa zote thelathini zilikuwa karibu zilezile za jana yake. Wakati ule nilishukuru. Je, mstari ulitulia kweli? Lile doa la jua ulilonitajia, halikufika?

Ukiniambia ulitulia, nitakuamini, na nitakubali kwamba mkono wangu ndio uliomuua mdogo wetu, ingawa sioni ni wapi. Nikubali tu, nilale. Wakiniona na hatia nitafungwa, lakini si hilo linaloniamsha. Ninachotaka ni kujua.

Mama ameanza kugonga meza akiwa anawaza. Hajui anagonga vipi. Siwezi kumwambia aache.

Fuko

*

Kituo cha Sumaku,
10 Aprili

Mdogo wangu,

Mstari ulitulia.

Msalimie Mama.

Dada yako

*

Kituo cha Sumaku,
27 Aprili

Mdogo wangu,

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu nimeitembea siku kumi na saba na imenitosha. Keti kwanza. Kama Mama yuko karibu, toka nje.

Mstari haukutulia. Niliuona ukiruka nikadhani ni ngazi ya Fundi, nikaupunguza kwenye hesabu. Ngazi ilikuwa ya mbao. Naambatanisha barua niliyokuandikia mwezi jana nikashindwa kuituma. Isome, imeeleza yote isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo inayonila.

Saa kumi jioni siku ile nilitoka kuchota maji. Nikaiona ngazi ukutani. Fundi akashuka akicheka, akasema, "Dada, safari hii nimekusikiliza." Nikaigusa kwa mkono. Mbao tupu, hata misumari yake ni ya shaba. Ndipo nikajua.

Ulikuwa umefika mita arobaini tu, mdogo wangu. Arobaini! Ulikuwa na muda wa kuchomoa na kuanza upya na kumkuta hai. Nilirudi kibandani, nikashika kipaza sauti cha redio. Nikafikiria vijana wako wanavyoshangilia kila mita. Nikafikiria msimamizi akiuliza, nani amekosea? Nikajiambia labda ni nyundo yake. Labda ni ndoo. Nikaanza kutafuta chuma, nilizunguka kibanda kizima natafuta kipande cha chuma cha kusingizia, mimi niliyetumia miaka kumi na nane kukifukuza chuma. Nikaokota msumari mmoja wenye kutu, mfupi kama kidole cha mtoto. Nikasema ndiyo huu. Saa kumi na moja ukaniita, nikakupa namba ileile. Na saa kumi na mbili. Na kila saa baada ya hapo, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imekwisha tamkwa, na kila saa iliyopita ilifanya kusema kweli kuwe kugumu zaidi.

Mstari uliyumba usiku kucha mbele yangu. Nilisema ni Fundi kaacha zana zake.

Nimemfundisha kila mtu hapa kuvua mkanda. Kiburi hakuna daftari linalokiandika.

Nakwenda kwenye tume wiki ijayo na karatasi yenyewe. Usikubali lolote. Usitie saini. Nakuomba.

Dada yako

*

Nyumbani kwa Mama,
3 Mei

Barua yako imefika. Nilikwisha tia saini tarehe ishirini na nne.

Nilikuwa najua. Tume ilikuwa na karatasi za vituo vingine, vya nchi za mbali ambako hata saa zao si zetu. Walizipanga mezani mbele yangu moja baada ya nyingine. Zote zimeruka dakika moja. Huku ni saa sita kasoro robo mchana, kule watu wamelala, kule ndio kunakucha, na mstari ni uleule, kama umechorwa na mkono mmoja. Wakaniuliza, kituo chenu kilikupa habari hii? Nami mfukoni nilikuwa na barua yako ya maneno mawili.

Niliwaambia ndiyo, kilinipa. Nilisema dada yangu alinitangazia dhoruba kila saa, na mimi kwa haraka zangu sikuiweka kwenye hesabu. Ukurasa wa siku ile katika daftari langu, wenye namba zako, nilikuwa nimekwisha uchana na kuuchoma jikoni kwa Mama. Nitaingia gerezani wiki ijayo. Miaka mitatu, wamesema, pengine miwili.

Usidhani nimefanya kwa kukupenda. Nataka hili ulisome vizuri. Mama alizaa watatu. Mmoja yuko chini. Akiambiwa kwamba aliyemweka chini ni wewe, atabaki na sifuri, kwa sababu mimi pia sitaweza kukaa chumba kimoja na wewe mbele yake nikajifanya sijui. Bora ajue kwamba ni mimi. Mimi alishanizoea kukosea. Wewe ndiye aliyekuwa akituambia, fanyeni kama dada yenu.

Na ningeweza kukusamehe ngazi. Mtu yeyote angedhani ni ngazi. Saa kumi jioni siwezi. Nimejaribu, nimekaa nayo siku nne tangu barua yako ifike, najaribu kama mtu anayejaribu kiatu kisicho chake. Mita arobaini, Dada.

Usije kuniona. Mama mtembelee, ukae naye, akigonga meza usimzuie.

Fuko

*

Kituo cha Sumaku,
19 Mei

Mdogo wangu,

Hukuniamkia. Ni mara ya kwanza tangu ujue kusema. Nimeona ni haki.

Nimekwenda kwenye tume. Niliwapa karatasi, niliwapa daftari la chuma, niliwasomea mwenyewe mahali palipoandikwa "Fundi, ngazi". Wakaipanga karatasi kando ya zile za vituo vingine. Kisha mwenyekiti akasema inathibitisha maneno yako. Dhoruba ilionekana hapa kituoni, kwa hiyo ulipewa, kwa hiyo hukuitumia. Nikasema sikumpa. Nikasema na daftari hili hapa. Akasema daftari limeandikwa kwa mkono wangu, na mwandiko wa jana haupishani na wa Machi. Akanimiminia maji. Akasema amefanya kazi hii muda mrefu, na hajaona familia isiyokuwa na dada wa kujitwisha mzigo wa kaka. Faili limefungwa. Mkuu wa kituo alikuja kunichukua kwa gari, njia nzima ananisifu kwa utu wangu.

Nilimwomba Fundi anishuhudie. Amekataa. Hakukataa kwa ubaya. Alisema, "Dada, nikisema ngazi ilikuwa ya mbao, watauliza zile mara nne ilikuwa ya nini, na mimi nina watoto."

Kwa Mama nimekwenda. Nilikaa siku tatu. Anagonga, kweli. Nilitaka kumwambia. Siku ya mwisho nilipiga magoti nikafungua mdomo, akaniwekea mkono kichwani akasema, "Angalau wewe, mwanangu. Angalau wewe mkono wako ni safi." Mdomo nikaufunga. Sasa najua ulichonifanyia, na najua kwamba hukukifanya kwa kunipenda. Ni kifungo kirefu kuliko chako. Silalamiki, nakujulisha tu kwamba kimeanza.

Barua hii wataisoma getini kabla haijakufikia. Nimeandika kila kitu wazi kwa makusudi. Labda atatokea askari mmoja atakayeamini.

Leo saa sita mchana mstari umetulia. Hilo ni kweli, nimetoka nje kuangalia, nimezunguka kibanda mara mbili. Nitakuandikia namba ya kila siku, kwa tarehe, usome au usisome.

Fundi amekuja asubuhi kumalizia ule upande uliobaki. Ameleta ngazi ileile ya mbao. Nimemshikia mpaka akashuka.

Dada yako